Sauti Niliyokuwa Nayo

Nilipewa nafasi ya mtu mbaya. Nilikuja Marekani kusomea shahada ya uzamili ya sanaa za maonyesho, na igizo langu la kwanza lilihusu wanafunzi wa Nashville wa mwaka 1960. Nilitegemea kuwa mmoja wao. Mwongozaji akanipa kazi ya kumtukana mwenzangu, kumpulizia moshi usoni na kumwangusha kutoka kwenye kiti.

Historia yenyewe ilianza kama igizo. Kabla ya kwenda kukaa kwenye kaunta za vyakula walizokatazwa watu Weusi, Diane Nash, John Lewis na wenzao walifanya mazoezi kanisani wakiongozwa na James Lawson, ambaye alikuwa amejifunza mbinu za Gandhi nchini India. Walipeana zamu: wewe kaa, mimi nikutukane, kisha tubadilishane. Aliyekaa alijifunza kutorudisha ngumi. Februari 27 waliposhambuliwa kweli, polisi waliwakamata wao, wakawaacha waliowapiga. Mei 10 baadhi ya kaunta zikaanza kuwahudumia.

Kwa hiyo sikuwa naigiza Mzungu. Nilikuwa naigiza mwanafunzi Mweusi anayeigiza Mzungu, ili rafiki yake asivunjike kesho.

Mazoezi ya kwanza nilitamka matusi kama mtu anayesoma tangazo. Mwenzangu, Mmarekani Mweusi ambaye bibi yake alikulia kusini enzi hizo, aliniambia wakati wa mapumziko, "Wewe unaogopa kuonekana mbaya. Anayetukanwa ni mimi." Nikamjibu kwamba nimetoka Tanzania, dharau ya namna ile siijui. Hakusema kitu. Akaenda kunywa maji.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilikumbuka nyumbani Tanga. Tulikuwa na dada wa kazi. Alipika, alifua, alinipeleka shule, lakini mezani hakukaa. Alikula jikoni, na kikombe chake cha bati kiliwekwa mbali na vyombo vyetu. Siku moja, nikiwa na miaka tisa hivi, nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mezani, anapata upepo wa feni. Nikamwambia, "Toka hapo, nitamwambia mama." Akainuka. Kabla ya kurudi jikoni alikifuta kile kiti kwa khanga yake.

Hakuna aliyekuwa amenifundisha kusema vile. Sauti nilikuwa nayo tayari.

Sisemi kwamba jikoni kwetu palikuwa Nashville. Kule kulikuwa na jela, na Aprili 19 nyumba ya wakili wao, Z. Alexander Looby, ililipuliwa kwa bomu. Lakini nilikuwa nimemwambia mwenzangu uongo, na nilikuwa nimejidanganya mimi kwanza.

Mazoezi yaliyofuata sikupiga kelele. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikasema maneno yangu kwa sauti ile ya miaka tisa, ya mtoto mwenye uhakika kwamba nyumba ni yake. Mabega ya mwenzangu yakakaza. Hakugeuka. Tulipomaliza akaniuliza, "Hiyo umeitoa wapi?" Nikamsimulia yote, mpaka kile kiti na khanga. Alisikiliza, kisha akasema, "Basi ishike hivyo hivyo mpaka tumalize."

Tulionyesha kwa siku tatu. Watu walimpigia yeye makofi mengi kuliko mimi, na ilikuwa haki yake.

Jumapili nilimpigia mama simu. Baada ya shikamoo na habari za huko, nikamuuliza, "Mama, yule dada aliyekuwa ananipeleka shule, aliitwa nani?"

Akanyamaza kidogo. "Si tulimwita Dada tu, mwanangu."

"Jina lake, mama."

"Ngoja nimuulize mama yako mkubwa. Yeye ndiye aliyetuletea."

Hii ni wiki ya tatu. Kila tukiongea namkumbusha, na kila mara ananiambia bado hajamuuliza.