Tanuri, Unga na Maji ya Nakuru

Nilizaliwa Njoro, na meno yangu yana madoa ya kahawia tangu yalipoota. Nilipokwenda Nairobi kusomea ufundi wa maabara, kila nilipocheka mtu aliniuliza, "Kwenu ni Nakuru, sivyo?" Darasani ndipo nilipoelewa kilichonipata. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi, nayo huyeyuka polepole na kuingia katika maji yaliyo chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya kwetu vinakizidi. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajiunda ndani ya ufizi, huota na madoa. Anayeyanywa kwa miaka mingi, floraidi ikiwa nyingi mno, huathirika mifupa. Kuchemsha hakufai kitu, maana maji hupungua na floraidi ikabaki pale pale. Nikaamua kurudi nyumbani kulifanyia kazi tatizo hili.

Nilianzia kwenye mkaa wa mifupa. Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilikuwa imeanza kazi ya kuondoa floraidi mwaka 1998, na ujuzi huo ulienea katika eneo letu. Mifupa ya ng'ombe huchomwa tanurini penye hewa kidogo, kwenye joto la nyuzi 400 hivi, kisha husagwa, huchekechwa na kuoshwa. Joto likipungua, maji hutoka yakinuka. Likizidi, mkaa hupoteza nguvu ya kushika floraidi. Mkaa ule ulisaidia nyumba nyingi. Lakini zilikuwako familia ambazo imani yao haikuwaruhusu kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa, nasi hatukuwa na cha kuwapa. Kwa ajili yao nilihamia maabara ndogo upande wa Njoro, tukaanza kutengeneza haidroksidi za matabaka.

Ya asili inaitwa haidrotalsaiti, madini yaliyoelezwa kwanza nchini Norwe mwaka 1842. Ni kurasa nyembamba za haidroksidi ya magnesiamu ambamo sehemu ya magnesiamu imeachia nafasi alumini. Alumini huzipa kurasa hizo chaji chanya ya ziada, na ili mizani ikae sawa, kaboneti na maji hujipenyeza katikati yake. Sisi tuliyeyusha chumvi za magnesiamu na alumini, tatu kwa moja, tukazidondosha tone kwa tone ndani ya magadi na sodiamu haidroksidi huku mchanganyiko ukikorogwa, pH ikilindwa karibu na 10. Kaboneti tulinunua safi ya maabara, kwa kuwa magadi yanayovunwa Ziwa Magadi huja na floraidi yake. Uji mweupe uliopatikana ulilala usiku kucha kwenye joto la nyuzi 70, ukachujwa na kuoshwa mpaka maji ya kuoshea yasionyeshe tena dalili ya alkali. Kuosha ndiko kulikomaliza siku, kwa sababu uji ule huteleza na kuziba karatasi ya chujio.

Ukishakauka na kusagwa, unga uliingia tanurini. Kufika nyuzi 200 maji ya katikati ya kurasa huwa yametoka. Kuelekea 450, haidroksidi nazo hutoa mvuke na kaboneti hutoa hewa ya kaboni. Gramu 100 zilizoingia zikawa 57 hivi: oksidi ya magnesiamu yenye alumini ndani yake. Kwa macho huoni mabadiliko, weupe ni ule ule, ila kijiko kinakuambia umekuwa mwepesi. Tuliufunika ungali na joto, la sivyo ungevuta unyevu na kaboni ya hewani. Tanuri likipita nyuzi 800 huanza kuzaliwa spineli, na hapo unga haurudi tena ulivyokuwa.

Kurudi huko ndiko tulikokutaka. Oksidi hii ikitiwa majini hujijenga upya kurasa kwa kurasa, na katika kujijenga hunyakua chembe zenye chaji hasi zilizo karibu, floraidi ikiwemo. Katika maji safi tuliyotia floraidi wenyewe, kipimo cha floraidi kwenye elektrodi kilishuka mpaka tukapeana mikono.

Kisha tukaleta maji ya kisima. Maji ya kwetu yamejaa bikaboneti ya sodiamu, na hakuna kinachopendwa na kurasa zile kuliko kaboneti. Unga ule ule, kipimo kile kile, ukajaza nafasi zake kwa kaboneti na kuiacha floraidi nyingi ikielea. Tulipojaribu kutia asidi na kupuliza hewa ili kaboni itoke kwanza, unga ulifanya kazi vizuri. Lakini asidi si kitu cha kumwachia mtu jikoni. Tena pH ilipanda mno, maji yakahitaji kurekebishwa kabla ya kunywewa.

Mama mmoja aliyekuwa akituletea maji kutoka kisima cha mtaa wao aliniuliza, "Mwanangu, hiyo dawa itamfaa mjukuu wangu lini?" Nikamwambia, "Mama, kwa maji ya maabara inafaa. Kwa maji yako bado. Kwa sasa mpe ya mvua." Alishukuru, akaagiza tangi.

Tangu siku hiyo kila kijana aliyekuja kujifunza kwangu alianza na maji ya kisima. Zipo taarifa nyingi zinazosifu unga wa namna hii kwa vipimo vya maji yasiyo na kitu kingine ila floraidi. Bonde la Ufa halina maji hayo. Anayetaka kututengenezea dawa na aje Njoro, Bahati au Gilgil, ateke maji kwenye bomba ambalo watoto wanakinga, apime bikaboneti kabla hajawasha tanuri. Unga utakaoshinda maji hayo ndio tutakaoutumia.