Namba Kwanza, Jina Baadaye

Kumbukumbu yangu inaanzia kwenye kidole cha mtu. Ilikuwa Julai 1970, msimu wa kununua pamba, nami nilikuwa kijana wa miaka 16 niliyemaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari. Kwenye gulio la kijiji chetu, kisiwani Ukerewe, foleni ya magunia ilikuwa imefika hadi kwenye miembe. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye ugomvi wa mipaka ya mashamba kijiji kizima ulipelekwa kwake na ukaishia kwake, alifika mbele ya meza ya karani.

Karani hakuinua macho. Alimshika mzee kidole gumba, akakikandamiza kwenye pedi ya wino, akakigandamiza kwenye daftari, akakiachia. "Dole gumba mwingine, sogea!" akaita. Mzee alijivuta pembeni, akachuma jani la mwembe, akaanza kufuta ule wino. Alifuta taratibu mpaka jani likachanika, akachuma jingine. Hakusema neno. Sisi vijana tuliosoma tulikuwa tumesimama pale pale. Mwenzetu mmoja alicheka. Mimi sikucheka, lakini sikumkanya, na jambo hilo sijalisahau hadi leo nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yule mzee siku ile.

Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawajui kusoma wala kuandika. Zikateuliwa wilaya sita zifute ujinga ifikapo mwisho wa 1971, na Ukerewe ikawa mojawapo, pamoja na Mafia. Huku mikoa ya Ziwa tulikuwa tayari na mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza 1968 kwa msaada wa Unesco, na vitabu vyake viliandikwa kufuata kazi za watu. Sisi vyetu vilikuwa vya pamba: kupanda kwa mistari, kupalilia, kutenga pamba safi na fifi. Walimu walikuwa haba mno, hivyo wakachukuliwa waliomaliza darasa la saba wajitolee. Posho ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Nikajiandikisha.

Darasa lilikuwa chini ya mwembe, saa kumi jioni, watu wakitoka shamba. Siku ya kwanza nilikabiliwa na jambo ambalo hakuna semina iliyonitayarishia. Mwalimu akiingia darasani, wanafunzi husimama wakamwamkia. Sasa wanafunzi wangu walikuwa rika la babu na bibi zangu, na mama yangu mzazi alikuwa ameketi mstari wa pili. Nikasimama mbele ya ubao nikasema, "Shikamooni." Wakaitikia kwa pamoja, "Marahaba, mwalimu." Neno la kwanza lilinirudisha utotoni, la pili likanipa kazi. Tuliendelea hivyo miaka yote niliyofundisha.

Yule mzee wa gulio alikuja wiki ya pili, amejitundikia daftari kifuani kwa uzi wa katani. Kitabu cha mwalimu kilitaka tuanze kwa kuwafundisha watu kuandika majina yao. Nilimwandikia jina lake ubaoni kwa herufi kubwa. Akalitazama, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, nifundishe namba kwanza."

Nikamweleza kwamba utaratibu ni kuanza na jina, ili mtu asiweke tena dole gumba. Nilifikiri ninamfariji.

"Jina langu nalijua," akasema. "Nililijua kabla wewe hujazaliwa, na kila mtu hapa analijua. Nisichokijua ni anachoandika karani. Nipe namba."

Nilimpa namba. Kwa miezi miwili aliandika moja hadi mia, akarudia, akafuta, akarudia, ulimi ukimtoka kidogo pembeni mwa mdomo kila alipofika kwenye nane. Nane ilimsumbua sana. Aliigawa, akaichora kama vibuyu viwili vilivyobebana, na ukiangalia daftari lake ungeona kurasa nzima za vibuyu.

Lazima niseme pia nilipokosea. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akichanganya herufi p na b kila siku, na jioni moja, kwa uchovu, nilimsahihisha kwa sauti ya kumkaripia mtoto. Aliweka chaki chini kwa upole, akakunja khanga yake, akaondoka. Hakurudi kesho wala keshokutwa. Baba yangu aliposikia aliniambia maneno machache tu: "Umemwaibisha mtu mbele ya wakwe zake." Nikaenda kwa mama huyo pamoja na mama yangu mzazi, nikapiga goti, nikaomba radhi. Alinisamehe siku hiyohiyo. Darasani alirudi baada ya mwezi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mimi na yule karani tulikuwa tumefanya kosa la aina moja. Yeye alitumia wino, mimi nikatumia chaki.

Julai 1971 gulio likafunguliwa. Nilimsindikiza mzee makusudi. Mizani ilikuwa ya kuning'iniza, yenye uso wa duara na mshale. Gunia lake likatundikwa, mshale ukacheza, ukatulia. Karani akainamia daftari lake.

"Umeandika ngapi, bwana?" mzee akauliza.

"Arobaini na moja."

"Mshale uko kwenye arobaini na sita. Mimi nimesoma hivyo. Wewe umesomaje?"

Foleni nzima ikanyamaza. Karani akainua macho, kwa mara ya kwanza nilivyoona mimi, akautazama mshale, kisha akautazama uso wa mzee. Akakata ile namba, akaandika 46. Kisha mkono wake ukaenda kwenye pedi ya wino kwa mazoea. Mzee akaisogeza pedi kando kwa kidole kimoja, akaomba kalamu. Kuandika jina kulimchukua muda mrefu sana. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa na magunia mgongoni, na hakuna aliyenung'unika.

Angeweza kuchukua fedha zake akaenda. Hakwenda. Alisimama kando ya mizani, na aliyefuata alikuwa bibi mmoja ambaye hakuwa na macho ya kusomea wala nguvu ya kuja darasani. Mzee akamsomea mshale kwa sauti, wote tukasikia, karani akaandika kilichosikika. Bibi akaweka dole gumba. Mchana kutwa mzee alisoma mizani ya kila mtu, na msimu wote uliofuata wakulima waliweka sharti kwamba uzito usomwe kwa sauti kabla haujaandikwa, mwenye gunia awe amesoma au hajasoma.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, nilisoma habari za Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, ambaye katika kitabu chake cha 1785 alitenganisha kilicho na bei na kilicho na hadhi. Chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani ileile. Binadamu habadilishiki hivyo. Nilipoisoma hoja hiyo nilikumbuka gulio. Lugha yetu iliishika tofauti hiyo zamani katika shina moja dogo, -tu: kitu, mtu, utu. Pamba ilikuwa kitu, ikawa na bei kwa kilo, safi bei yake na fifi bei yake. Karani alichofanya 1970 ni kuhamisha ngeli. Alimshika mtu kama kitu.

Ndiyo maana siafiki ninaposikia watu wakisema kwamba kampeni ile iliwapa wakulima utu. Nilikuwapo. Walikuja chini ya mwembe wakiwa nao, na yule mzee alinieleza hivyo waziwazi aliposema jina lake analijua. Azimio la Arusha la 1967 lilipotaja imani ya TANU lilieleza kwamba kila mtu anastahili heshima, bila kuongeza kuwa ni yule aliyefaulu mtihani. Kisomo kiliwapa chombo cha kuilinda haki yao mezani, nacho ni kitu kikubwa. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha wasiojua kusoma wameshuka hadi karibu 39 katika 100, na kufikia 1986 serikali ilitaja takriban 10. Najivunia sehemu yangu ndogo katika hesabu hiyo. Lakini nchi iliyotufundisha hayo ndiyo iliyowahamishia watu vijijini kwa nguvu mwaka 1974, na zipo sehemu ambako nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Watu waliokuwa wamejifunza kuandika majina yao hawakuulizwa wanataka kuishi wapi. Siwezi kusimulia uzuri wa mwembe wetu nikaficha hilo.

Mzee alifariki miaka mingi iliyopita. Daftari lake analo mjukuu wake; nane zake zote zimo.

Nami dole gumba limenirudia. Mwaka 2019, laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole nchini, nilikwenda mjini kusajili yangu, nikapanga foleni nyuma ya mama mkulima. Aliweka kidole kwenye kimashine mara tano. "Mama, vidole vyako havisomeki," kijana akasema, macho yakiwa kwenye skrini, "pisha mwingine." Mistari ya vidole vyake ilikuwa imelika kwa mpini wa jembe. Nikaona anavifuta kwenye khanga, kimoja kimoja, kama kwamba vimechafuka.

Safari hii sikukaa kimya. Nilimwomba kijana ampe kiti, amjaribu vidole vingine, amweleze aende wapi ikishindikana. Alifanya yote matatu, na kidole cha nne cha mkono wa kushoto kikasomeka. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaokaa nyuma ya meza, ya benki, ya hospitali, ya kata, ya simu: mtu akifika, inueni macho kwanza, mwamkieni, ndipo mshike kidole chake.