Nilichowaficha Wanafunzi Wangu kuhusu Lincoln

Niliwadanganya wanafunzi wangu kuhusu Abraham Lincoln, na nilijua ninadanganya.

Tulikuwa tukisoma maisha yake kabla ya urais, alipokuwa mbunge wa jimbo la Illinois, 1834 hadi 1842, na pia wakili. Niliwasimulia kwa furaha jinsi yeye na Dan Stone walivyolipinga azimio la bunge lao mwaka 1837, wakaandika kwamba utumwa ni dhuluma. Nikawasimulia kesi ya 1841, ya deni lililotokana na kuuzwa kwa Nance, mwanamke mweusi. Lincoln alimtetea mdaiwa hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, na mahakama ikasema mtu huru hauziki. Binti mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, aliwahi kumtetea mwenye watumwa?”

Nikajibu, “Hapana.”

Aliwahi. Oktoba 1847, mahakamani Charleston, kaunti ya Coles, alisimama upande wa Robert Matson wa Kentucky. Illinois haikuwa jimbo la utumwa, lakini Matson alikuwa na shamba huko, na alizoea kuleta watumwa wake kulima, kisha kuwarudisha Kentucky kabla hawajahesabiwa kuwa wakazi. Mmoja wa watumwa hao, Jane Bryant, alikaa zaidi ya msimu mmoja. Alipotishiwa kuuzwa, alitoroka na watoto wake wanne, wakafungwa jela. Hoja ya wakili niliyemsifu darasani ilikuwa kwamba mama huyo na wanawe walikuwa pale kwa muda tu, basi warudishwe kwa bwana wao. Majaji waliikataa. Jane na wanawe wakawa huru.

Nilijiambia ninawalinda watoto, wasije wakakata tamaa na mtu mwema. Si kweli. Nilikuwa ninaulinda upendo wangu mwenyewe kwa Lincoln, niliyempenda tangu ujana, na sikutaka kuona uso wa binti yule ukibadilika. Kibaya zaidi, kwa kuificha aibu ya Lincoln nilimfuta Jane, mama aliyeshinda kesi dhidi ya mmoja wa mawakili hodari wa Illinois. Mabinti darasani mwangu walistahili kulijua jina lake kuliko walivyostahili kulijua la Stone.

Siku iliyofuata nilikuwa na kipindi darasani humo humo. Niliingia, nikaandika ubaoni “Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, 1861–1865”, nikaendelea kufundisha.