Samaki Ambao Sitawavua Mimi

Sisi tuliokulia upande wa Bukoba, kando ya Ziwa Victoria, tunajua kwamba samaki ni kitoweo, ni ada ya shule, na ni kazi ya usiku yenye hatari zake. Habari ya mtu kwenda kuvua ili ajifurahishe hutuchekesha kidogo. Kwa hiyo nilipokuwa mgeni wa usharika rafiki mjini Milwaukee, Marekani, na mzee mmoja wa kanisa akanialika twende kuvua samoni, nilikubali kwa adabu ya ugeni tu.

Ziwa Michigan lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 58,000. Ukisimama ufukweni huioni ng'ambo, kama vile kwetu. Tulitoka alfajiri ya mwezi wa Julai kwa mashua ndogo ya injini. Mzee aliburuta mishipi kadhaa nyuma ya mashua, mingine akaizamisha sana kwa vyuma vizito, kwa kuwa samoni na trauti hupenda maji baridi, na wakati wa joto maji hayo yako chini. Chambo chake kilikuwa vipande vya bati vinavyong'aa kama visamaki. Alinionyesha leseni yake, pamoja na stempu ya pekee ambayo kila mvua samoni na trauti lazima ailipie. Fedha za stempu hiyo husaidia kuzalisha vifaranga vya samaki. Tena sheria ya jimbo humruhusu mtu samaki watano tu kwa siku.

Nilimwuliza kwa nini samaki wa ziwani wazalishwe na serikali. Akanieleza habari ndefu. Mwenyeji wa ziwa lile ni trauti. Lakini watu walipochimba na kupanua mfereji wa Welland ili meli zipite kando ya maporomoko ya Niagara, njia ile ilipitisha pia lamprei, kiumbe mfano wa mkunga, anayeng'ang'ania ubavu wa samaki na kumnyonya damu. Alionekana Ziwa Michigan mwaka 1936. Lamprei na uvuvi uliopita kiasi viliwamaliza trauti karibu wote kufikia miaka ya 1950. Kisha samaki wadogo waliotoka baharini wakazaliana bila wa kuwala, hata mwaka 1967 wakafa kwa wingi mno na fukwe zikanuka. Mwaka 1966 wataalamu wa jimbo la Michigan, wakiongozwa na Howard Tanner, walikuwa wameanza kupandikiza samoni kutokana na mayai yaliyoletwa kutoka Oregon, ili wawale wale wadogo. Mpaka leo mito huwekewa dawa ya kuua lamprei wachanga. Kilichoharibiwa kwa miaka michache hutengenezwa bila kikomo.

Kisha mzee akanieleza jambo ambalo sijaacha kulitafakari. Katika majira ya kuchipua, wavuvi wa bandari kadhaa hujitolea kulisha vifaranga vya samoni ndani ya vizimba vya nyavu kwa majuma machache, vipate nguvu kabla ya kuachiwa. Vifaranga hivyo ni vya urefu wa kidole. Wengi huchukua kama miaka mitatu kukua, kisha hurudi mtoni kutaga mayai na kufa. Mwaka ule mzee alikuwa mgonjwa wa saratani, na madaktari walikuwa wamemwambia asitegemee kuumaliza mwaka uliofuata. Hata hivyo hakukosa zamu yake ya kulisha.

Nilimwuliza kwa nini. Akasema, “Mchungaji, hawa tuliowavua leo walilishwa na mtu. Wale niliowalisha mimi sitawavua.” Hakuwa mtu asiye na hofu. Aliniambia kwamba usiku usingizi ulimpaa, na kwamba sala zake zilikuwa zimekuwa fupi sana. Alilala katika Bwana kabla ya majira mengine ya kuchipua.

Katika chuo cha theolojia tulisoma vitabu vingi juu ya tumaini la Kikristo. Nilimwona mtu akiliishi kwa ndoo ya chakula cha samaki. Hakujifariji kwamba atapona. Alijua tu kwamba ziwa ni la Mungu, na kwamba kazi njema haipotei kwa sababu mtenda kazi ameondoka. Katika Yohana sura ya 4 Bwana Yesu anawakumbusha wanafunzi kwamba wanavuna walichotaabikia wengine. Martin Luther naye, akieleza ombi la mkate wa kila siku katika Katekisimu Ndogo, anataja ndani yake hata serikali njema na majirani waaminifu. Basi leseni, stempu na hesabu ya samaki watano ni sehemu ya mkate huo.

Wapendwa, nasi tuna ziwa. Sangara walipandikizwa humo miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu zikatoweka. Hilo tumelirithi. Lakini makokoro na nyavu za macho madogo zinazozoa samaki wachanga ni za mikono ya leo. Anayezitumia mara nyingi ana watoto wenye njaa, wala si haki kumhubiria huku tukimwacha na njaa yake. Usharika unaotaka ziwa lipone umsaidie mvuvi huyo kupata njia nyingine ya kuwalisha wanawe.

Makanisa tunayosali yalijengwa na watu waliokwisha lala. Miti inayotutia kivuli baada ya ibada ilipandwa na wao. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 15:58, anatuhakikishia kwamba taabu yetu katika Bwana si ya bure. Hakusema kwamba tutaishi kuyaona matunda yake yote.