Picha ya Papo Hapo Ni ya Nani?

Nilipokuwa mdogo mjini Tanga, picha ilikuwa kitu cha kungojewa. Unapiga filamu ya picha 36 mpaka iishe, unaipeleka studio kusafishwa, kisha unaambiwa urudi siku nyingine. Kwa mjomba wangu tu ndiko picha zilipotoka siku hiyohiyo. Alikuwa na kamera ya Polaroid yenye lenzi nne: ukibonyeza mara moja, unapata sura nne za pasipoti kwenye karatasi moja. Mjomba alivuta karatasi, akatazama saa yake, akabandua ganda lenye dawa, kisha akakata picha kwa mkasi. Mteja akaenda zake kujaza fomu.

Nilidhani kamera hizo ziliumbwa kwa ajili ya pasipoti. Baadaye nikasoma kuwa Edwin Land wa Polaroid, aliyeionyesha njia hiyo ya picha za papo hapo New York mwaka 1947, alikusudia mtu wa kawaida apige picha na kuiona hapohapo. Mwaka 1972 ikaja SX-70: picha inatoka yenyewe na kujisafisha mbele ya macho yako, bila kubandua kitu. Hiyo ndiyo niliyoitamani miaka mingi. Polaroid ikatangaza kuacha kutengeneza filamu mwaka 2008, na nikajua imenipita. Lakini watu wachache waliokataa ife waliokoa mashine za kiwanda cha Enschede, Uholanzi, na mwaka 2010 filamu mpya ikaanza kuuzwa.

Kwa hiyo binamu yangu alipokaribia kuolewa, nami nikataka wageni waondoke na picha mkononi, moyo wangu ulikuwa kwa Polaroid. Picha yake ni mraba wa karibu sentimita 8, rangi zake laini. Ila pakiti ina karatasi 8 tu, picha ya rangi huchukua kama robo saa, na inapotoka lazima ikingwe na mwanga. Kikwazo kikubwa ni joto: filamu hiyo inapenda nyuzi 13 hadi 28. Zaidi ya hapo, rangi huelekea unjano na wekundu. Tanga mwezi wa pili, joto la mchana hupita nyuzi 28.

Instax ya Fujifilm inavumilia hadi nyuzi 40, pakiti ina karatasi 10, na picha huwa tayari kwa dakika moja na nusu hivi. Hapo swali likawa saizi. Mini ina picha ya milimita 62 kwa 46, inaingia kwenye pochi. Square ni 62 kwa 62. Wide ni 62 kwa 99. Kwetu harusini hakuna anayepigwa peke yake. Ukimwita shangazi, anakuja na dada zake wote. Nikachukua Wide.

Bibi alipopewa ya kwake aliishika kwa mikono miwili. "Mjukuu wangu, hii nakurudishia lini?"

"Hurudishi, bibi. Ni yako."

Picha ile haina negativu wala nakala. Ukishaitoa, wewe huna, na ndiyo thamani yake. Siku hizi zipo kamera kama Instax Mini Evo, iliyotoka mwaka 2021, zinazohifadhi picha kidijitali ili uchague ya kuchapa. Siipingi hata kidogo: filamu ni ghali, na mzee aliyefumba macho anastahili picha nyingine.

Anayeniuliza leo anunue kamera ipi, namuuliza kwanza picha atampa nani. Kwa marafiki wanaobandika picha ndani ya daftari, Mini inatosha. Kwa familia nzima na bibi asiyeona vizuri, ni Wide. Anayeishi kwenye baridi ya wastani na mwenye subira, Polaroid itampendeza sana. Halafu namsihi aulize bei ya pakiti, na duka la karibu linaloiuza, kabla ya kuuliza bei ya kamera. Kamera huinunua mara moja. Filamu ataitafuta kila watu wake watakapokutana.