Tembo wa Gangala-na-Bodio

Wengi wetu tunafikiri ya kwamba tembo wa kufundishwa ni jambo la Wahindi peke yao. Hapana! Hapa kwetu Kongo, upande wa Uele, watu walishika tembo wa pori wakawafanya wakokote magari na majembe ya kulima.

Mfalme Leopold II alijaribu kwanza na tembo wa India. Mwaka 1879 wanne walishushwa pwani karibu na Dar es Salaam, waende mpaka ziwa Tanganyika. Wengi walikufa njiani. Halafu, karibu mwaka 1900, komanda Laplume akaanza kushika tembo wa kwetu, akawafundisha huko Api. Baadaye kazi ikahamia Gangala-na-Bodio, kwenye mto Dungu. Sababu tunaielewa: katika inchi yenye mbung'o, ng'ombe na farasi wanakufa, lakini tembo amezoea.

Nani alifanya kazi yenyewe? Vitabu vinataja komanda. Lakini wale waliokimbia kwa miguu na kamba nyuma ya kundi, njo Wazande. Tembo mdogo aliyeshikwa alifungwa kando ya wakubwa waliokwisha kufundishwa, na mlezi wake, kornaki, alimwimbia mpaka hasira ipungue. Fimbo peke yake haifundishi.

Hata vile tunauliza: tembo hawa walikuwa wa kufugwa kweli? Mbuzi za shule yetu zinazaa kila mwaka, na mtoto anazaliwa katikati ya watu. Tembo anabeba mimba miezi 22, anazaa mmoja tu, na huyo anakula miaka mingi mbele ya kufanya kazi. Njo maana walirudi porini kila mara kushika wengine. Walizoeza tembo mmoja mmoja. Hawakupata ukoo wa kufugwa.

Kazi ya namna ile inasimama juu ya watu wenye kuijua. Uasi wa 1964 ulipofika Uele, iliharibika sana. Katika miaka ya 1980 walibaki tembo wachache tu, wakibeba watalii katika parke ya Garamba.

Hatuombi tembo wakokote magari tena, kamyo iko. Tunaomba majina na maarifa ya wale kornaki yaandikwe. Ndugu mwenye babu kule Dungu ao Faradje, ukienda likizo, umuulize, na kalamu mkononi.