Jiji jipya, wadi za zamani

Watu wangu wa Nakuru, Desemba 1, 2021 tulipewa hati ya jiji, tukasherehekea (ilikuwa tamu, sikatai). Lakini wadi tunazopigia kura zilichorwa 2012, kwa sensa ya 2009! Kaptembwo ploti zimebanana mpaka jua halifiki chini, na bado tuna MCA mmoja, sawa na Barut ambako kuna mashamba. Meya hatuchagui, jiji lina bodi, so huyo MCA ndiye sauti yetu kwa kaunti. Katiba inataka mipaka ipitiwe upya kila miaka 8 hadi 12. Machi 2024 ikapita IEBC haina kamishna hata mmoja. Mwanasiasa akija 2027 na fulana, muulize kwanza kuhusu hii mipaka.